Alama Kumi za Shangazi

Mbinga Mjini
14 Aprili 2024

Shangazi yangu mpendwa Gaudiosa,

Shikamoo. Mimi mwanao Aurelia ni mzima, ila mvua za huku zimenifanya nisahau rangi ya viatu vyangu. Baba huko Mkumbi anasema kahawa imebeba vizuri mwaka huu. Goti lake bado linamsumbua na bado anakataa kutumia fimbo, eti fimbo ni ya wazee. Jumapili nilimkuta anachimba ngoro kwenye mteremko ule wa juu, shimo baada ya shimo, nikamnyang'anya jembe. Alinuna mpaka chakula cha jioni.

Binti yako Albina hajambo? Na mtoto? Tangu simu ile ya Januari iliyokatika niliposikia tu "Albina amejifungua", sijui hata kama ni wa kike au wa kiume. Ndiyo maana nimenunua sweta ya njano. Nimempa Abdulmalik ailete atakapokuja kununua dagaa wenu wa usipa.

Sasa habari kubwa. Unakumbuka nilikwambia Mfuko wa Ustawi, hapa ninapofanya kazi, unagawa fedha za maendeleo kwa vijiji vya juu na vya ziwani? Zamani walikuwa wanahesabu mabati na ng'ombe tu. Mimi nikawaambia utajiri peke yake hausemi kama mtu anaishi vizuri, tuwaulize watu wenyewe kama wana furaha. Mkuu wangu, Bwana Cuthbert, akakubali! Mwezi wa pili tukamtuma Elias na kishikwambi chake, akauliza vijiji thelathini na viwili: "Kwa ujumla, maisha yako yanakwendaje? Sifuri ni mabaya kabisa, kumi ni mazuri kabisa."

Shangazi, Nkolola imekuwa ya kwanza. Ya kwanza! Wastani wenu ni tisa na nukta tatu. Kuna kijiji kando ya barabara ya malori ya makaa ya mawe kule Ngaka, watu wana mishahara na pikipiki, wamepata tatu na nukta nane. Bwana Cuthbert anataka kuwaletea cheti chenye fremu.

Na kuna fomu moja haina jina, lakini nimeitambua: mjane, miaka sitini na mmoja, mzaliwa wa Mkumbi, alama kumi. Hairuhusiwi kuchungulia, nami nimechungulia, nikacheka peke yangu kwa furaha. Ila Elias ameandika kaya ya watu watatu. Nitamkumbusha kwamba watoto wachanga nao ni watu.

Wako akupendaye,
Aurelia


Nkolola
12 Mei 2024

Mwanangu Aurelia,

Marahaba. Sisi hapa hatujambo. Mvua zinaondoka na upepo wa kusini umeanza kupiga. Wavuvi wanapata usipa hata mahali pa kuanika hakuna, mawe yote ya ufukweni yamejaa. Mihogo nimeipalilia mara mbili. Albina anaendelea. Mumewe yuko Mbamba Bay kwa kazi ya boti, anarudi mwisho wa mwezi.

Mwambie kaka yangu Urbani kwamba mimi mdogo wake ninatumia fimbo, tena ninajivunia. Na wewe usimnyang'anye jembe mbele ya watu. Mnyang'anye ukiwa naye peke yake.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Samahani kwa kuchelewa. Ungependa nikupigie simu, najua, lakini mtandao hapa unapatikana kilimani tu, kwenye jiwe moja. Ukiongea pale lazima upige kelele na foleni nzima inasikiliza mambo yako. Barua haipigi kelele.

Sweta nimeipokea. Imefumwa vizuri. Nimeiweka.

Kuhusu hicho cheti, mshukuru mkuu wako. Mwenyekiti ameuliza kama fremu ni ya kioo, maana ofisi ya kijiji ina ukuta mmoja tu usiovuja. Watu wamefurahi kusikia kwamba tumeshinda, ingawa hawakujua kama yalikuwa mashindano.

Ninalo swali dogo. Mwaka jana watu wa Mfuko walikuja wakapima kwa kamba nyuma ya zahanati yetu, wakasema pale kitajengwa chumba cha kujifungulia, chenye vitanda na taa ya jua, na muuguzi wa pili. Vigingi bado vipo, mbuzi wanajikunia. Kazi itaanza lini? Nauliza tu.

Shangazi yako,
Gaudiosa


Mbinga Mjini
20 Mei 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena. Abdulmalik ameleta barua pamoja na usipa, nyumba nzima inanukia ziwa na mama mwenye nyumba amenisamehe kelele zangu zote kwa bakuli moja.

Nimekaa na swali lako siku tatu. Nilidhani mmeshaambiwa.

Chumba kile kimeondolewa kwenye orodha ya mwaka huu. Kanuni mpya inasema fedha zianze kwenda kule watu wanakoteseka zaidi, na kijiji kilichopata zaidi ya nane kisubiri awamu ijayo, yaani miaka mitatu. Fedha zenu zimepelekwa kwenye kile kijiji cha malori. Kanuni hiyo niliiandika mimi, shangazi. Nilikuwa nafikiri ni haki. Kwa nini tumpe zaidi aliyeridhika tumwache anayelia? Hata Kanisa linatufundisha hivyo. Usinielewe vibaya, naona fahari kwamba ninyi, pamoja na hali yenu, mna furaha kuliko wenye mishahara. Nimewahi kusoma vitabu vizima juu ya jambo hilo na sikuamini mpaka nilipoliona kwa watu wangu.

Lakini kuna kitu kinanisumbua. Hukunijibu kuhusu mtoto. Nilimuuliza baba, akaanza kunieleza bei ya kahawa. Nikamuuliza tena, akasema goti linauma akaingia ndani. Nimemkemea Elias kwa kuhesabu watu watatu, akaniangalia tu, akasema, "Dada Aurelia, niliandika nilichoambiwa."

Ni wa kike au wa kiume? Anaitwa nani? Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao,
Aurelia


Nkolola
29 Juni 2024

Mwanangu Aurelia,

Hujambo? Sisi hatujambo. Upepo umechafua ziwa, siku nne boti hazijatoka. Muhogo tumeanza kumenya. Hildegardi jirani yangu anakusalimu, anauliza utaolewa lini. Nimemwambia unaolewa na kishikwambi.

Barua hii nimeianza mara tatu. Mbili nimewashia moto.

Elias hakukosea. Tulikuwa watatu.

Albina alishikwa na uchungu tarehe ishirini na tano Januari, asubuhi. Zahanati ina kitanda kimoja, na siku hiyo kilikuwa na mgonjwa wa malaria anayetundikiwa maji. Muuguzi ni mmoja na alifanya alichoweza, nisingependa usikie mtu anamlaumu. Alipoona mtoto amekaa vibaya akatuambia twende Liuli haraka. Tukapata boti ya injini. Njiani upepo ukatugeukia, na mtoto hakusubiri. Nilimpokea mimi kwa mikono hii. Alikuwa wa kiume. Nilichota maji ya ziwa nikambatiza mwenyewe, maana niliona hatafika nasi Liuli, na hakufika. Albina alipona kwa sababu wenzetu wa hospitali ya Liuli walifanya kazi nzuri.

Baba yako anajua. Nilimkataza kukwambia. Ulikuwa na kazi mpya na unaishi peke yako mjini. Nilikuwa nasubiri uje nikueleze ukiwa umekaa. Nilikosea, mwanangu. Unisamehe.

Sasa kuhusu kumi yangu. Elias alikuja siku kumi na moja baada ya pale. Mtu mpole, baba wa watoto wawili. Alikuwa ametembea kutoka barabarani na viatu vimemchubua. Tukampa maji, tukampa kigoda. Kabla hata ugali haujaiva akauliza, maisha yanakwendaje. Aurelia, wewe umezaliwa wapi? Hilo ni swali la salamu. Hata kwenye msiba mgeni akiuliza habari za hapa, tunasema nzuri, ndipo anauliza mara ya pili, ndipo tunamweleza. Nikasema kumi. Nikasubiri aulize la pili. Akapangusa kioo cha kishikwambi chake akauliza choo chetu kina mlango au hakina.

Nimeuliza nyumba hadi nyumba, kila mtu amefanya hivyohivyo. Bibi yule wa juu, ambaye haoni, alisema kumi. Hildegardi alisema tisa ili asionekane anajisifu.

Na mimi nilikuwa na sababu ya ziada. Elias alisema ametoka ofisini kwako. Nikasema moyoni, nikimpa tatu, hiyo tatu itafika kwa mwanangu.

Sasa Albina ana mimba tena, ya miezi mitatu. Hazungumzii. Anafanya kazi zake na mkono uko tumboni. Atajifungua mwezi wa kumi na mbili, na vigingi bado wanajikunia mbuzi. Ninaogopa. Nimeliandika sasa, basi.

Gaudiosa


Mbinga Mjini
6 Julai 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijui niandike nini. Nilisoma barua yako ofisini na nikalia mbele ya watu, Bwana Cuthbert akanipa ruhusa ya kwenda nyumbani akidhani nina malaria.

Nilinunua sweta! Nikakutumia sweta, na wewe ukaandika kwamba imefumwa vizuri.

Mwambie Albina pole. Hapana, usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Nisamehe. Nilicheka kwa furaha juu ya kumi ile.

Nikueleze ukweli wote, kwa kuwa tumeanza kuelezana. Mkataba wangu unakwisha Septemba. Nikisimama kwenye kikao cha Agosti niseme swali langu lilikuwa la kipumbavu, nitakuwa nimeibomoa kazi yangu kwa mkono wangu, na Mfuko umeshaitangaza kila mahali. Lakini kuna njia nyingine. Majibu yote yako kwenye mashine na ufunguo ninao mimi. Naweza kuifanya kumi yako iwe mbili. Naweza kufanya hivyo kwa kaya zote za Nkolola asubuhi moja, na hakuna atakayejua. Chumba kitarudi kwenye orodha, kitajengwa kabla ya Desemba.

Niambie nifanye hivyo. Ukiniambia, nitafanya.

Aurelia


Nkolola
21 Julai 2024

Mwanangu,

Nimempa Abdulmalik barua hii kabla hajamaliza kupakia, ndiyo maana mwandiko unakimbia. Sote hatujambo. Albina ameanza kula.

Usiiguse kumi yangu.

Nimefikiri sana, tena nimeogopa sana, maana ninayemwogopea ni mtoto wangu. Lakini kumi ile ni yangu, niliitoa mimi, na haikuwa uongo mtupu. Tulipotoka kuzika, wanawake wa kijiji kizima walilala kwenye sakafu yangu siku saba. Mmoja anapika, mwingine anateka maji, mwingine anamsuka Albina nywele bila kusema neno. Mwanabibi, yule dada yake Abdulmalik mwenye duka, alichana kitambaa kipya cha duka lake akamshonea mtoto sanda, na yeye ni Mwislamu na sisi Wakatoliki, wala hakuuliza. Ungeniuliza siku ile nina nini, ningesema nina watu. Huo ni utajiri, na nadhani wale wa barabara ya malori hawana, wametoka kila mkoa na kila mtu anafunga mlango wake. Hivyo swali lako halikuwa la kipumbavu. Liliona kitu cha kweli.

Kosa ni pale mlipoona tunabebana, mkasema basi hawa hawahitaji kubebwa. Moyo wetu si fedha ya Mfuko, kwamba mkiukuta mwingi mnatupunguzia dawa. Sisi tunavumilia kwa sababu hatuna la kufanya. Atakayegeuza uvumilivu huo kuwa sababu ya kutunyima kitanda, huyo anatuibia, hata kama ametumia hesabu nzuri.

Na kule kwa malori msiwanyang'anye. Watoto wao wanakohoa vumbi. Ukibadilisha namba zetu, unawachukulia wao kwa uongo, na siku moja kuna mwingine mwenye ufunguo atabadilisha zetu.

Sema kwa mdomo wako. Waambie mliuliza salamu mkaondoka. Waambie warudi waulize swali la pili. Kazi ikikuponyoka, huku kuna muhogo wa kupalilia na mimi nitakupa jembe bila kukunyang'anya.

Shangazi yako


Mbinga Mjini
3 Septemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba amevuna kahawa na ameipeleka kwenye chama chao cha ushirika kwa gari, safari hii hakubeba gunia hata moja. Anasema ni kwa sababu yako. Nilimkuta amekaa nje na amekubali kwamba alijua. Halafu akanichomea mahindi.

Nilisema. Nilisimama mbele ya kikao nikaweka karatasi mezani. Niliwaeleza juu ya salamu, viatu vya Elias, na ugali uliokuwa haujaiva. Sikumtaja Albina kwa jina, lakini nilisema kwamba mwanamke mmoja alitoa kumi siku kumi na moja baada ya kumpoteza mjukuu wake. Bwana Cuthbert alivua miwani akauliza, "Kwa hiyo wananchi wetu ni waongo?" Nikamjibu, "Hapana, Mzee. Wananchi wetu wana adabu. Sisi hatukukaa." Elias, ambaye hakuwa amepangiwa kuongea, akasimama akasema ni kweli, na kwamba usiku ule alipolala Nkolola alijua ameacha kitu lakini fomu haikuwa na mahali pa kukiandika.

Kanuni yangu imesimamishwa. Kijiji cha malori kitabaki na fedha zake, nililipigania hilo kama ulivyosema. Nkolola na vijiji vingine vitatu vitaulizwa upya mwezi wa kumi na mbili, kwa maswali mapya. Nimeyaandika kutoka kwenye barua zako. Mwulizaji ale kwanza. Asalimie, asubiri, asalimie tena. Halafu aulize mwaka huu mmempoteza nani, na siku hiyo palikosekana nini. Na fomu ina nafasi ya maneno, si namba tu.

Lakini maana yake ni kwamba hata wakikubali, ujenzi hautaanza kabla mvua hazijaisha. Chumba hakitamuwahi Albina. Nimejaribu kila mlango, shangazi. Kama ningebonyeza na kubadilisha namba, huenda kingemuwahi. Nalifikiria hilo kila siku na sitakuficha.

Basi nimefanya lililo mikononi mwangu. Nimemwomba Abdulmalik akatafuta chumba Liuli, karibu na hospitali. Nimekilipia Novemba na Desemba. Nendeni mapema, kabla ziwa halijachafuka. Usinikatalie. Mkataba wangu wameuongeza mpaka mwisho wa mwaka tu, ili nimalize kazi hii, baada ya hapo sijui. Nami nitasema: ninaogopa, na nimekukumbuka mpaka nasikia njaa.

Aurelia wako


Liuli
20 Desemba 2024

Mwanangu Aurelia,

Mshukuru Mungu pamoja nasi. Albina amejifungua Jumatatu asubuhi, tarehe kumi na sita. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Yeye na mama yake ni wazima. Amevaa sweta yako, mikono imezidi urefu, tumeikunja mara mbili. Baba yake amekuja na boti akasimama mlangoni nusu saa anaogopa kumshika. Usiulize jina bado, wanabishana.

Chumba chako kimetufaa kuliko ulivyofikiri, maana hatukukaa wawili. Tulipokuwa tunafunga mizigo Nkolola, Albina aliuliza, na binti yake Hildegardi je, naye si wa Desemba? Na mke wa mwalimu? Tukaja wajawazito watatu na mimi, chumba kimoja, na Mwanabibi anatutumia mchele kila boti inapokuja. Mke wa mwalimu amepata mapacha. Mwenye nyumba alilalamika siku mbili za kwanza, sasa anawaogesha watoto yeye mwenyewe.

Elias alifika jana. Alitufuata huku baada ya kutukosa nyumbani. Alikuwa na viatu vipya. Alikula usipa na ugali mpaka akafungua kifungo, akasalimia, akasubiri, akasalimia tena kama mtu anayekumbuka sala. Nilitamani kucheka. Sijui kama chumba nyuma ya zahanati kitajengwa. Nilimwuliza, akasema hajui na hataniahidi asichokijua. Nimempenda kwa hilo.

Kisha akauliza mwaka huu tumempoteza nani.

Aurelia, tangu Januari sikuwa nimelitamka jina lile. Nililisema mara moja tu, nikiwa na maji mkononi, na upepo ukalichukua. Watu wangu huku hawaulizi jina la mtoto wa umri ule, na mimi sikulisema hata kwako. Nikamwambia, anaitwa Frederick. Akaniomba nimtajie herufi. Nikamtajia. Akaandika taratibu, halafu nikamwambia anisomee alichoandika, nataka kusikia.

Akasoma: "Kaya hii ilimpoteza Frederick, mtoto wa kiume, aliyezaliwa na kufa kwenye boti kati ya Nkolola na Liuli, kwa kuwa kijijini hapakuwa na mahali pa kuzalia."

Nikasema ni sawa, ndivyo ilivyokuwa.

Albina alikuwa nyuma ya pazia ananyonyesha. Tulidhani amelala. Akasema, "Kaka Elias, andika kwamba alilia. Nilimsikia."

Elias akaandika.

Shangazi yako akupendaye,
Gaudiosa